Moyo wa Plattner Uko Upande Gani?

Hadithi fupi ya H. G. Wells iitwayo The Plattner Story, ya mwaka 1896, inamhusu mwalimu mmoja wa Uingereza. Unga wa kijani unamlipukia darasani, anatoweka siku tisa, na akirudi moyo wake unadunda upande wa kulia. Mwili mzima umegeuka, kama mtu aliyetoka ndani ya kioo.

Wapo watakaosema: aa, si majina tu hayo! Kulia na kushoto tumepanga wenyewe. Kweli, majina tumepanga. Saa moja asubuhi ya Mswahili ni saa saba ya Mwingereza, na jua halijali. Hata katika nadharia ya Einstein, upande upi wa wakati uuite "kesho" ni hiari yako. Mahesabu yatakwenda vilevile.

Lakini tofauti yenyewe si jina. Kiatu cha kushoto ukikiita cha kulia, mguu utakataa tu. Mwaka 1957, huko Marekani, Chien-Shiung Wu na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walizitia atomi za kobalti kwenye baridi kali mno, wakazielekeza kwa sumaku, na kumbe elektroni zilitoka nyingi zaidi upande mmoja! Jaribio hilo likitazamwa kwenye kioo, linaonyesha jambo ambalo halitokei duniani. Na mwaka 2012 watafiti wa BaBar walitangaza kwamba chembe nyingine, mesoni za B, hazibadiliki kwa kasi ileile mwelekeo wa wakati ukigeuzwa.

Sasa hapo ndipo ninapombana Wells. Anatuchekesha kwa Plattner kubabaika mezani, kisu mkono upi, uma mkono upi. Je, chakula chenyewe? Tangu 1848 Louis Pasteur alishaonyesha kuwa ziko molekuli za kushoto na za kulia, mfano wa viatu. Miili yetu imejengwa kwa molekuli za upande maalumu. Tumbo lililogeuzwa lingeshindwa kumeng'enya sehemu kubwa ya chakula cha kawaida. Plattner angekonda huku sahani imejaa! Msiba huo Wells kauacha mezani, kachukua kichekesho.

Sie tunaojifunza kuandika tuna ruhusa ya kugeuza dunia. Ila ukishaigeuza, bwana, ifuate mpaka jikoni. Isomeni hadithi hii, kisha mmoja wetu aiandike upya kuanzia pale kwenye sahani.