Mota, Moto na Baiskeli ya Mizigo: Uhakiki wa Istilahi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zihusuzo baiskeli ya mizigo iliyoongezewa taa na mota ya umeme. Huenda msomaji akaona kwamba baiskeli ni kitu kidogo mno kuwashughulisha wataalamu wa lugha. Lakini kwa mkulima wa Mwandoya, wilayani Meatu katika Mkoa wa Simiyu, baiskeli ndiyo gari lake. Huchukulia pamba, kuni na madumu ya maji. Madumu manne ya lita 20 yana uzito wa kilo 80, kabla hajahesabiwa mwendeshaji mwenyewe. Anyongaye mzigo kama huo kwenye njia ya vumbi, na pengine gizani, ana haja ya mwanga na nguvu. Akishaviongeza, ana haja pia ya jina sahihi la chombo chake. Kwani jina hilo ndilo litakaloamua iwapo adaiwe usajili, bima na leseni.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa kwa Kiingereza, na ofisa aliyeieleza kwa wananchi aliweza kujificha nyuma ya matini ya asili. Neno la Kiswahili likishakuwa ndilo neno la sheria, maficho hayo hayapo tena.

Tuanze na istilahi iliyozoeleka maofisini: chombo cha moto. Tuchukulie kwamba mtendaji wa kata anabandika tangazo lisemalo, "Vyombo vyote vya moto visajiliwe." Mwenye pikipiki ya petroli hana shaka, ndani ya injini yake mafuta yanaungua. Je, mwenye baiskeli iliyofungwa mota na betri ahusike? Akilifuata neno lilivyo, atajibu kwamba chombo chake hakina moto, wala hakitoi moshi. Kwa tafsiri hiyo, hata basi kubwa liendeshwalo kwa umeme lingesalimika, jambo ambalo hapana mtunga sheria angelikusudia.

Wengine watajitetea kwamba moto umekwisha kupanuka maana. Wana hoja. Fundi umeme husema waya wa moto, naye hakusudii waya unaowaka. Tena katika neno motokaa, moto si ule wa jikoni, bali ni sauti ya neno la Kiingereza lenye maana ya mtambo wa kuendeshea. Yaelekea maana hizo mbili zimekutana katika chombo cha moto na kuishi pamoja bila ugomvi, kwa kuwa mitambo ya siku zile ilikuwa ya kuunguza mafuta. Mota ya umeme ndiyo iliyokuja kuwagombanisha. Basi tukikubali kwamba moto ni nguvu yoyote ya mtambo, basi la umeme litaingia mahali pake. Lakini baiskeli ya mkulima wetu nayo itazolewa humo humo, ingawa bado anainyonga kwa miguu yake.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya msingi. Swali si kama kuna moto au umeme. Swali ni nani mwendeshaji: mguu au mtambo? Sheria za Umoja wa Ulaya zimelijibu kwa vipimo. Baiskeli ambayo mota yake haizidi wati 250, inayosaidia tu wakati mtu ananyonga, na inayoacha kusaidia mwendo ufikapo kilometa 25 kwa saa, haihesabiwi kuwa pikipiki. Sisi si lazima tufuate vipimo hivyo. Lakini hatuwezi hata kuanza kuvijadili ikiwa hatuna maneno mawili kwa vitu viwili.

Istilahi ya pili, baiskeli ya umeme, haitusaidii sana. Katika Kiswahili, pasi ya umeme na jiko la umeme ni vyombo ambavyo umeme ndio ufanyao kazi yote. Baiskeli tunayoizungumzia sivyo ilivyo. Isitoshe, baiskeli yenye dainamo nayo ina umeme, lakini hakuna aiitaye ya umeme.

Dainamo yafaa itazamwe vizuri, hasa na walimu. Kifaa hiki huviringishwa na tairi, na kwa kawaida hutoa volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa taa ya mbele na 0.6 kwa taa ya nyuma. Huchukua nguvu ya mguu na kuifanya umeme. Mota hufanya kinyume chake: huchukua umeme wa betri na kuufanya mwendo. Mwanafunzi anayeviona viwili hivyo kwenye baiskeli moja amepata somo zima la fizikia bila maabara. Somo hilo litaharibika tukiita mota injini, kwani injini huunguza mafuta, na kinyume chake hakuna. Maneno dainamo na mota yabaki yalivyo. Yamekopwa, lakini yanatamkika na kila moja lina kazi yake. Tukumbuke ngamizi, neno lililopata kupendekezwa kwa ile mashine ambayo leo Watanzania wanaiita kompyuta.

Kuhusu kitendo chenyewe, mfasiri wa haraka ataandika ugeuzaji wa baiskeli. Fundi husema kufunga: kufunga taa, kufunga mota. Neno la fundi ni bora zaidi. Kilichogeuzwa kimekuwa kitu kingine. Kilichofungiwa kifaa kingali kile kile. Mfasiri aandikapo kugeuza ameshatoa hukumu ambayo sheria haijaitoa.

Lipo pia neno guta, linalotumika Tanzania kwa chombo cha mizigo chenye magurudumu matatu. Lilianzia kwenye vile vya kunyongwa, kisha likahamia hata kwenye vyenye injini. Bajaji nayo imetokana na jina la kampuni ya India. Haya ni mafunzo kwetu: wataalamu wakichelewa, soko halingoji. Huko Jinja, Uganda, baiskeli za mizigo zenye mota zimekwisha kutiwa barabarani, na hapana mpaka uzuiao bidhaa kuja pamoja na majina yake.

Kwa hiyo napendekeza baiskeli yenye mota saidizi kwa ile ambayo mota haifanyi kazi bila mtu kunyonga, na pikipiki ya umeme kwa ile iendayo yenyewe. Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu wa kawaida anyongapo kwa muda mrefu hutoa kadiri ya wati 100. Itakuwaje mota ya wati 250 iitwe msaidizi wa aliye dhaifu kuliko yenyewe? Sarufi yetu ina jibu. Kitenzi kisaidizi chaweza kubeba nafsi na wakati, yaani mzigo mkubwa kabisa wa sentensi. Hata hivyo twakiita kisaidizi, kwa sababu hakisimami bila kitenzi kikuu. Kipimo cha usaidizi si wingi wa nguvu, bali ni utegemezi.

Chombo cha moto nacho kisifutwe, kwa kuwa kimeshika mizizi. Kinachotakiwa ni kukifafanua ndani ya sheria kwamba ni chombo kiendeshwacho na mtambo wake chenyewe, pasipo kujali kama ni wa mafuta au wa umeme. Hapo mkulima wa Mwandoya atakaposoma tangazo ubaoni, atajua bila kumwuliza askari kama anahusika au hahusiki.