Mita 6 za Kungoja

Watu wakiitaja mbegu ya kiume husifia mbio zake. Mimi nawasifia walioitengeneza, maana siku inapoachiliwa na korodani mbegu hiyo haijui hata kuogelea.

Kazi huanzia kwenye mamia ya vijirija vyembamba vilivyojikunja ndani ya korodani. Mfuko wake unaning'inia nje ya mwili kwa sababu kazi hii hutaka ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Damu inayoteremka hupozwa kwanza na mtandao wa vena uliouzunguka mshipa wake. Baridi ikizidi, misuli huzivuta korodani juu. Joto likizidi, huzilegeza.

Ukutani mwa vijirija wamo mafundi wenyewe: seli za Sertoli, zilizopewa jina la Enrico Sertoli, Mwitaliano aliyezieleza mwaka 1865. Seli moja ya Sertoli hulea makumi ya seli za rika mbalimbali zilizojibana ubavuni mwake. Zile changa hukaa ukutani, na kadiri zinavyokomaa husogezwa katikati. Hujigawa mara kadhaa, kisha hupitia mgawanyiko wa pekee unaozipunguzia kromosomu kutoka 46 hadi 23.

Zinazopatikana bado ni seli za duara, na hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Protini zinazoshikilia DNA huondolewa, zikaingizwa protamini, ambazo huukaza uzi huo mpaka kichwa kizima kinabaki na urefu wa mikroni 5 hivi. Juu yake huvishwa kofia yenye vimeng'enya vya kupenyea yai. Nyuma huchomoza mkia, na mitokondria, zinazotoa nishati, huviringishwa kuzunguka mwanzo wa mkia huo, duru juu ya duru. Ute unaosalia hukatwa, na Sertoli huumeza.

Yote hayo huchukua zaidi ya miezi 2. Ndiyo maana mwanamume aliyeugua homa kali anaweza kukutwa na upungufu wa mbegu wiki kadhaa baada ya kupona, na daktari akamwambia arudi kupimwa baada ya miezi 3.

Seli ya Sertoli ikishaiachilia, mbegu huchukuliwa na majimaji hadi epididimisi, mrija uliolala mgongoni mwa korodani. Ukinyooshwa hufika mita 6 hivi, ila umekunjwa ukatosha kwenye sentimita chache, kama ukili ulioviringwa ukingoja kushonwa mkeka. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya kazi nzima, na ndiyo isiyosifiwa. Mbegu husukumwa polepole na misuli ya ukuta kwa siku kadhaa, pengine wiki 2. Njiani maji hufyonzwa, zikasongamana. Ukuta hutoa protini na kuzipaka kwenye utando wa kila moja. Kitone cha ute kilichosahaulika shingoni huteremka mkiani, kisha hudondoka. Zikifika mwisho wa mrija zina uwezo wa kuogelea, lakini hutulizwa na kuwekwa akiba.

Kutoka hapo mwendo ni wa haraka. Mrija wenye misuli minene, ule unaokatwa mwanamume anapofunga uzazi, huzipandisha kupitia kinenani hadi nyuma ya kibofu. Vifuko vya manii huongeza fruktosi na zaidi ya nusu ya majimaji yote. Tezi dume huongeza yake, pamoja na kimeng'enya kinachoyeyusha manii yakishaganda.

Hata hivyo kazi haijaisha. Ndani ya mwanamke mbegu hukaa saa kadhaa ikivuliwa sehemu ya vile ilivyopakwa njiani, ndipo iweze kulipenya yai. Min Chueh Chang huko Marekani na Colin Austin huko Australia waligundua hilo mwaka 1951, kila mmoja kivyake. Kabla yao, watafiti walichukua mbegu zilizotoka tu kwa dume, wakazikutanisha na yai maabarani, wakabaki wakishangaa kwa nini hazifanyi kitu.