Sifa ya Mfunga Mzigo

Barabarani anayesifiwa ni dereva, na anayelipwa ni makanika. Mfunga mzigo hapati cha huyu wala cha yule. Mzigo ukifika salama, watu humshukuru Mungu. Ukimwagika njiani, ndipo jina lake linapotajwa. Leo nataka kumsifu kabla mzigo haujamwagika, na ninayemsifu hasa ni yule wa baiskeli, anayeingia Lilongwe, Malawi, alfajiri kwa barabara ya M1 akitokea upande wa Dowa, usukani kaukamata kwa mikono miwili, na nyuma yake gunia la mkaa limempita kimo.

Sifa hizi zina sababu ya kutolewa sasa. Siku hizi safari ya siku kadhaa kwa baiskeli, kupitia milima na nyika mbali na lami, imekuwa burudani ya dunia nzima. Amerika ya Kaskazini kuna njia inayotoka Banff, Kanada, hadi mpaka wa Marekani na Meksiko, zaidi ya kilomita 4,000, na tangu 2008 watu huishindania kila mwaka bila gari la kuwafuata. Rwanda ina njia ya Congo Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu. Kenya ina mashindano ya Migration, yaliyoanza 2021, kwenye njia za changarawe za Umaasaini. Na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Wasafiri wa namna hii wana mifuko iliyoshonwa kwa vipimo vya baiskeli: mmoja chini ya tandiko, mmoja ndani ya pembetatu ya fremu, mmoja mbele ya usukani. Waulize siri ya kufika, watakwambia uzito ukae chini, ukae katikati, na usichezecheze. Mtu wa gunia la mkaa angewasikiliza kwa adabu, kisha angeuliza kama kuna jipya.

Maana maarifa hayo katika nchi hizi ni ya kale kuliko baiskeli yenyewe. Karne ya 19 Nkhotakota, mji ulio ufukoni mwa Ziwa Malawi, ambalo Watanzania huliita Ziwa Nyasa, ilikuwa bandari ya akina Jumbe, Waswahili waliovusha pembe za ndovu na watumwa kwa majahazi kuelekea Kilwa. Biashara ile ilitembea juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi alichukua kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Wengine walibeba kwa ujira, wengine kwa mnyororo. Baiskeli ilipokuja, mtu mmoja aliweza kuchukua mizigo ya wapagazi watatu au wanne, na mali ikawa yake. Hilo si badiliko dogo. Kasai, kule Kongo, barabara zilipokufa, wachuuzi waliendelea kusukuma baiskeli zenye shehena kwa siku nyingi porini. Burundi, vijana hushuka na ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mteremko wa zaidi ya mita elfu moja. Watoto wa nchi hizo ndio leo wengi wa wakazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, karibu na Dowa, na ujuzi huo walikuja nao bila kuuandika popote.

Ufundi wenyewe huanzia kwenye chuma. Baiskeli ya dukani haifai mpaka ipite mikononi mwa fundi. Keria ya kiwandani hung'olewa, huchomelewa nyingine ya nondo, na miguu yake hushushwa mpaka kwenye ekseli, ili uzito ukae juu ya ekseli badala ya kuning'inia kwenye fremu. Spoku za gurudumu la nyuma hukazwa moja baada ya nyingine huku ringi ikizungushwa na kutazamwa kwa jicho moja, maana hilo ndilo gurudumu linaloteseka. Fundi mzuri huigonga spoku kwa ukucha na kusikiliza mlio. Iliyolegea hujisema yenyewe.

Kisha huja mipira. Kamba ya duka haina heshima hapa. Tyubu kuukuu hukatwa ukanda mrefu wa upana wa vidole viwili. Ukanda huo huvutwa mpaka ukonde, hupitishwa chini ya keria, hupandishwa, hukatishwa msalaba, na ncha yake husukumizwa chini ya mzunguko uliotangulia bila kupigwa fundo. Barabara ikitikisa, mpira hunyooka na kurudi. Kamba ya katani ingekwisha kulegea. Na tyubu ikipasuka mahali pasipo na mtu, kipande cha ukanda huohuo, msasa kidogo na solusheni, ndicho kiraka.

Kila mzigo una tabia yake. Gunia la mkaa ni jepesi kwa ukubwa wake, kwa hiyo husimamishwa. La mahindi ni zito, kwa hiyo hulazwa. Mabati huviringishwa, mbuzi hukingamishwa, na abiria wa kabaza, yaani teksi ya baiskeli, huwekewa kiti cha sponji na pa kushika. Mzigo ukizidi nyuma, gurudumu la mbele hunyanyuka mlimani na usukani hukosa utii. Kwa hiyo mjuzi huusogeza mzigo mpaka umguse mgongo, naye mwenyewe akawa sehemu ya mizani. Hubeba pia mti wenye panda. Akitaka kupumzika huuchomeka chini ya keria, na baiskeli ikasimama peke yake. Mlimani husukuma, na haoni haya. Kwenye mteremko mkali hushuka na kutembea, mkono mmoja kwenye breki, wa pili umelishika gunia, kwa kuwa anajua breki za fito zinaweza nini na haziwezi nini.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kutoka dirishani mwa gari, ule mkaa unaonekana kama unajibeba. Jaribu kupanda nao kutoka Lumbadzi ndipo utajua kwamba kila kilo iliulizwa swali kabla ya kufungwa. Na mtu huyu, kwa nafsi yake, hana kitu cha ziada: pampu, spana, kiraka, chupa ya maji, viazi vitamu ndani ya plastiki. Hapo ndipo msafiri wa starehe anapomkaribia mwalimu wake, kwa sababu ufundi wa safari ndefu ni kujua cha kuacha. Mgeni hufungasha kwa kuogopa yatakayompata; mwenyeji hufungasha kwa kuijua njia. Ndiyo sababu mgeni huchoka siku ya kwanza.

Na njia ipo, tena nzuri. Ukitoka Lilongwe, mji ulio juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, unapita Kanengo penye minada ya tumbaku, kisha Lumbadzi, kisha unaiacha M1 na kuelekea Dowa, ukipita Dzaleka kilomita 45 hivi kutoka mjini. Baada ya Dowa Boma vilima vinaanza kusongamana. Mwezi wa Juni mahindi yamekwisha kuvunwa, vumbi ni jekundu, asubuhi ina baridi ya koti, na unaona mbali. Mbele ni Ntchisi, ambako juu ya mlima umebaki msitu wa mvua wa asili. Kutoka nyanda hizo nchi inaporomoka kuelekea ziwani, ambako maji yako kwenye mita 475 hivi. Barabara ya Nkhotakota hukatiza hifadhi ya wanyama ambayo shirika la African Parks limeisimamia tangu 2015. Ndovu wapatao 500 walihamishiwa humo mwaka 2016 na 2017, kwa hiyo uliza askari wa hifadhi kabla ya kupita, na jioni isikukute ndani. Ukifika ufukoni, unafuata ziwa kwenda kusini hadi Salima, kati ya mibuyu na chanja za usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, wanaoanikwa juani, halafu unalipa deni la mteremko wote kwa kupanda tena hadi Lilongwe. Kwa asiye na haraka ni safari ya siku tano au sita. Kijiji hakikosekani, mandasi hayakosekani, na ukisalimia "muli bwanji" kabla ya kuuliza maji, utapewa maji na kivuli.

Lakini si wote wanaoweza kuianza. Dzaleka, gereza la zamani la wafungwa wa kisiasa wa enzi ya Kamuzu Banda, ilifanywa kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamezidi 50,000. Mkimbizi hutakiwa kukaa kambini, na kutoka kunahitaji kibali. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kuchuuza mijini warudi. Kwa hiyo fundi wa Dzaleka anaweza kuitengeneza baiskeli itakayofika ziwani, na yeye asiruhusiwe kuifuata mpaka Salima. Anayesifu uhuru wa magurudumu mawili bila kulitaja hilo amesifu nusu. Hata hivyo watu huja kwao: tangu 2014 Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na msanii Trésor Nzengu Mpauni, huwaleta wageni kambini, wengine wakalala katika nyumba za familia. Mwenye baiskeli anaweza kuifanya Dzaleka kituo cha usiku wa kwanza, akala na kulipa hapo, akakazwa spoku na watu waliojifunza kazi kwenye barabara mbaya kuliko zote atakazopita.

Ufundi huu una kivuli chake pia. Mkaa na kuni nyingi zinazoingia Lilongwe kwa baiskeli zimetoka misitu isiyorudi upesi. Dzalanyama, kusini-magharibi mwa jiji, ndiko unakotoka mto Lilongwe unaojaza mabwawa ya Kamuzu, na msitu wake umekatwa mpaka wanajeshi wakapelekwa kuulinda. Mikono hodari inaweza kuhamisha msitu mzima, gunia kwa gunia. Lawama ya kwanza, hata hivyo, haimwendei mwenye baiskeli. Inauendea mji unaopika kwa mkaa na hautaki kujua ulikotoka. Akipata shehena nyingine yenye bei, iwe ni soya, karanga au watalii, ataifunga kwa ustadi uleule.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwako unayepanga kusafiri: kabla ya kununua mfuko wa bei ya mbuzi watatu, kaa asubuhi moja kwa fundi wa baiskeli wa Dowa au Dzaleka, mwombe akufungie mzigo wako mbele ya macho yako, kisha mlipe kama unavyomlipa mwalimu, maana hilo ni somo. Na kwako dereva wa M1: mtu wa baiskeli hana kioo, na gunia limemziba asione nyuma. Punguza mwendo, mpishe kwa nafasi ya kutosha, usimpigie honi mgongoni. Amefunga mzigo wake vizuri tangu usiku wa manane. Usiwe wewe wa kuumwaga.