Mjenzi wa Enkaji

Katika boma la Kimaasai mwenye nyumba ni mwanamke, kwa kuwa aliyeijenga ni yeye. Mume ana ng'ombe na uzio wa miiba. Kulala hulala kwa mmojawapo wa wake zake. Kila mke hujenga enkaji yake, yaani nyumba yake, na hata mpango wa boma hufuata wajenzi hao: mke wa kwanza kulia mwa lango, wa pili kushoto, na wengine vivyo hivyo kwa kupishana.

Kazi huanzia porini, kwenye kukata matawi. Nguzo huchimbiwa chini, fito nyembamba husukwa katikati yake na kupindwa juu kuwa paa. Mapengo yakishajazwa majani na nyasi, nyumba hukandikwa. Samadi mbichi huchanganywa na udongo na majivu, ikapakwa kwa viganja, tabaka juu ya tabaka. Hapo ndipo stadi anapojulikana, maana mchanganyiko mbaya hupasuka ukikauka. Na mvua ikipenya usiku wa manane, anayepanda juu na samadi mkononi kuziba ufa ni mama huyo huyo.

Ninachokistaajabia kuliko vyote ni mlango. Haunyooki kuingia ndani. Hupinda kwanza, upepo na vumbi vikabaki nje. Jiko liko kati, vitanda vya fito na ngozi pembeni, ndama wachanga wana kizizi chao humo humo. Kimo ni kama mita 1.5 tu, na ufupi huo ndio unaohifadhi joto la moto na la miili. Aliyewahi kulala Ngorongoro anaijua baridi ya kule. Huo ni usanifu kamili, uliopigiwa hesabu bila karatasi.

Manyatta za morani nazo, yaani kambi za vijana wapiganaji, ambazo sifa zake zote huenda kwa vijana, hujengwa na mama zao.

Historia ya ujenzi imezoea kuhesabu mawe yaliyobaki, kama magofu ya Kilwa au Gedi, na kisichoacha gofu ikakipita. Ndiyo maana nakithamini kitabu cha Labelle Prussin cha mwaka 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika: kinawaweka wanawake mbele, wakiwamo Wagabra na Warendille wa kaskazini mwa Kenya, ambao nyumba zao hubebwa na ngamia.

Sasa bati limeingia Umaasaini, na pamoja nalo fundi wa kulipwa, aghalabu mwanamume. Nyumba ikijengwa kwa fedha za mume, huitwa ya mume. Natamani Chuo Kikuu Ardhi kimwalike mama wa Kimaasai afundishe kukandika, naye alipwe ada ya mhadhiri.