Karata Zinaongea, Shin Lim Kanyamaza

Mwaka 2015 Shin Lim alicheza karata mbele ya Penn na Teller kwenye kipindi chao cha Fool Us, akawapiga chenga bila kutamka neno: muziki, moshi, vidole, basi. Video ikatazamwa mara mamilioni mtandaoni. Mwaka 2018 akashinda America's Got Talent.

Ukimya huo ndio uliomsafirisha. Kijana wa Sirari au Mugumu anamwelewa kwenye simu bila kujua Kiingereza. Lakini mimi naona kuna kitu kimepungua. Mazingaombwe ya uwanja wa shule huku Tarime na Serengeti, nusu yake ni maneno: fanani anatania, anamwita mwalimu mbele, anatuzubaisha kwa hadithi, nasi tunamjibu.

Tena maneno yale yana kazi nzito. Kanda ya Ziwa wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Fanani anaposema, "Jamani, huu ni wepesi wa mikono tu," anatufundisha kushangaa bila kumsaka mchawi.

Shin Lim ni fundi, sibishi. Ila akija kucheza huku kwetu, aisee, ningemwomba aongee kidogo.