Vitu vyajiuza vyenyewe?

Ni faida kwa mseminari kusoma hotuba za wakubwa wa inchi kama asomavyo maandiko mengine: nani anasema, anasema na nani, na kitenzi chake kina mtendaji gani. Tutwae hotuba ya Mobutu juu ya "ugonjwa wa Zaire", aliyoitoa N'Sele tarehe 25 Novemba 1977 mbele ya mkutano mkuu wa chama chake, MPR.

Maneno yale ni makali, tena ya kweli. Alisema katika inchi yetu kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa, na mwenye kipande kidogo cha mamlaka anakifanya kuwa feza ya soko. Hata askofu angeweza kuyahubiri.

Lakini tuangalie kitenzi. Kwa Kifaransa alisema: tout se vend, tout s'achète, ukifuata neno kwa neno, vitu vyajiuza vyenyewe. Ndiyo desturi ya Kifaransa, hatumhukumu kwa sarufi. Walakini, tafuta mwuzaji katika hotuba ile: ni watu wengine sikuzote.

Na mwuzaji alijulikana. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu mwenyewe alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa mali ya wana inchi. Ni wana inchi gani? Wakubwa wa chama na jamaa zao waligawana sehemu nono. Yeye naye akatwaa mashamba makubwa. Maduka yakabaki matupu, hata kufika 1976 serikali ikawaita wageni warudi. Na chama kile kiliimbisha watu kila siku: kutumikia, si kujitumikia! (Katiba ya 1967 iliruhusu vyama viwili, mwaka 1970 kikabaki kimoja.)

Mwaka mmoja mbele ya hotuba ile, 1976, Askofu Mkuu Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua ya kichungaji juu ya rushwa na kiu ya feza. Jina lake: Je suis un homme, ndiyo "Mimi ni mtu". Neno la kwanza ni mimi. Mapadri wanaijua tofauti hiyo: anayekuja kuungama dhambi za jirani, twamrudisha polepole kwa nafsi yake.

Mobutu alijua kusema "mimi" alipojisifu. Tarehe 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, alisema hivyo tena, akilia: aliomba watu waelewe uchungu wake.