Paka wa Ndani, Paka wa Nje

Ukurasa wa kwanza uliokuwa ukiutengeneza ukijifunza tovuti kwa freeCodeCamp ulikuwa wa picha za paka. Kulikuwa na orodha ya vitu paka wanavyopenda, lasagna ikiwemo, halafu mwishoni kulikuwa na fomu iliyouliza: paka wako ni wa ndani au wa nje? Vitufe viwili vya duara, unachagua kimoja tu. Hapo ulijifunza kwamba vitufe vikipewa jina moja, ukibonyeza hiki kile kingine kinajizima. Somo safi. Lakini hebu jibu swali lenyewe ukiwa Kaptembwa. Paka wa ploti ni wa nani, kwanza? Analala kwa huyu, anakula kwa yule, na kazi yake ni panya.

Nimeyasoma mafunzo haya jinsi mtu anavyosoma kitabu, maana kwa mtu wa Nakuru asiye na karo ya koleji, hiki ndicho kitabu cha kiada. Ni ya bure tangu Quincy Larson alipoyaanzisha 2014, na hilo si jambo dogo. Mtindo wake pia unashika: sentensi mbili tatu, unaandika mstari mmoja, mashine inakuambia umepata au umekosa. Hata na bando la saa moja unasonga.

Sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote ni menyu ya mkahawa. Unataka jina la kahawa likae kushoto na bei ikae kulia, mstari mmoja. Unaambiwa upe kila kimoja nusu ya upana, asilimia 50. Unafanya hivyo, na bei inaanguka chini. Unahesabu tena. 50 na 50 ni 100, sasa shida iko wapi? Shida ni ile nafasi uliyoacha ulipobonyeza Enter katikati ya mistari miwili. Brauza imeihesabu, kumbe, na haina pa kuiweka. Mwandishi angeweza kukuepusha na aibu hiyo. Amekuacha ukosee kwanza ndipo akaeleza, na mimi hadi leo sijasahau.

Ila menyu yenyewe, bana. Kahawa ya vanila, keki ya jibini, 3.00, 3.75, bila hata alama ya pesa. Na haibadiliki. Kwa kibanda menyu ni ubao na chaki, na neno muhimu kuliko yote pale ni "imeisha". Saa nane ndengu imeisha, mathe anaifuta kwa kidole. HTML na CSS peke yake hazijui kufuta. Ukijaribu kuuhamishia ubao ule kwenye simu, unagundua unahitaji mahali pa kuhifadhi kilichobaki, unahitaji JavaScript ibadilishe ukurasa wateja wakiwa bado wanautazama, na unahitaji kitufe kikubwa ambacho mtu mwenye unga mikononi anaweza kukipiga na kifundo cha kidole. Hayo yote mafunzo yanayafikia, lakini baadaye sana, na kwa wakati huo umeshazoea kuulizwa. Hakuna siku hata moja uliyotakiwa kutafuta swali. Ndiyo maana mtu anamaliza hatua zote kisha anafungua faili tupu, mshale unapepesa, na anangoja hatua ya 1. Najua, nilingoja wiki mbili.

Kwa haki, cheti cha kwanza kinadai kurasa tano ambazo hushikwi mkono. Mmoja ni wa kumuenzi mtu, na mfano unaoonyeshwa ni Norman Borlaug, yule mtaalamu wa ngano aliyepewa Nobel ya Amani 1970. Maisha yake yamepangwa mwaka kwa mwaka. Mwaka 2005 umo: alisema dunia italazimika kuzidisha chakula maradufu ifikapo 2050.

Niliusoma nikiwa Nakuru, na Njoro ni mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa. Mwaka huohuo wa 2005 Borlaug, akiwa na miaka 91, alikuwa akipiga kelele juu ya Ug99, ugonjwa wa kutu ya shina la ngano uliogunduliwa Uganda, ambao ungeweza kula mashamba ya dunia nzima. Ngano kutoka nchi nyingi zikaletwa Njoro, zikapandwa kwenye mashamba ya utafiti, zikaachwa ziugue ili ionekane ipi itasimama. Vita vya mwisho vya mzee vilipiganwa hapa kwetu, na kwenye ukurasa wa kumuenzi havimo.

Nami nikamchagua yeye yeye. Nikaandika miaka yake, nikaongeza mstari wangu wa Njoro, nikausoma mara tatu kuliko mistari mingine yote, nikabonyeza. Majaribio yote yakapita. Kisha, kwa udadisi tu, nikaufuta ule mstari nikabonyeza tena. Yakapita. Mashine ilikuwa inatafuta kichwa chenye kitambulisho sahihi, picha, na kiungo kinachofungukia dirisha jipya. Nikaurudisha.